Baraza la wahadhiri lichaguliwe vipi: kwa idara, kwa chuo kizima au kwa makundi?

Chuo kinapounda baraza la wahadhiri kwa mara ya kwanza, kazi hukwama kwenye kipengele kimoja. Malengo hukubalika upesi, jina hupatikana, na hata idadi ya vikao haizui ubishi. Ikifika zamu ya uchaguzi, walimu wa idara kubwa hutaka kura ya chuo kizima, wale wa idara ndogo hutaka kila idara iwe na kiti chake, na wenzao wa mkataba walioketi nyuma huuliza kama wamo au hawamo. Makala haya ni ya walio katikati ya mjadala huo, wawe Njoro, Maseno, Kakamega au Bungoma, na bado hawajajua washike njia ipi.

Kwanza tuelewane baraza hili linakaa wapi. Katika chuo kikuu cha umma nchini Kenya, Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 imeweka Baraza la Chuo lenye wajumbe 9, na hakuna hata mmoja kati yao anayepigiwa kura na wahadhiri. Seneti nayo huwa na sauti kubwa katika mambo ya masomo, lakini wengi wa wanaokaa humo huingia kwa cheo: Naibu Chansela na wasaidizi wake, wakuu wa vitivo, wakuu wa idara. Katika vyuo vya kiufundi vilivyo chini ya sheria ya 2013 ya mafunzo ya kiufundi, kama Kisumu National Polytechnic au Sigalagala, kuna bodi ya magavana, na wajumbe wake huteuliwa. Halafu kuna chama cha wafanyakazi, UASU kwa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma, ambacho kazi yake ni mishahara, marupurupu na masharti ya ajira.

Kwa hiyo mhadhiri wa kawaida, asiye na cheo, ana chama cha kumtetea malipo yake, lakini mara nyingi hana mahali pa kusema kwa kauli yake kwamba mtaala mpya umebanwa, kwamba darasa la wanafunzi 200 halisahihishiki kwa wiki moja, au kwamba maktaba haina vitabu vya kozi iliyoanzishwa. Baraza la wahadhiri huziba pengo hilo. Marekani, ambako mabaraza haya yana mizizi mirefu, tamko la 1966 kuhusu uongozi wa vyuo, lililoandaliwa kwa pamoja na chama cha maprofesa (AAUP), muungano wa vyuo na muungano wa bodi za vyuo, liliweka mtaala, mbinu za kufundisha na utafiti kuwa jukumu la kwanza la wahadhiri wenyewe. Tamko hilohilo likaongeza jambo ambalo huku kwetu hupuuzwa: wawakilishi wa wahadhiri wachaguliwe na wahadhiri, kwa utaratibu uliopangwa na wahadhiri. Ofisi ya mkuu wa chuo ikiwaandikia utaratibu wa kura, mmeshapoteza nusu ya baraza kabla ya kura ya kwanza.

## Vipimo vinne

Nitazipima njia zote kwa maswali manne. Sauti ya nani itasikika? Mwakilishi atakuwa na uhuru gani mbele ya wakubwa wake? Baraza litaweza kufanya kazi, yaani kukutana, kufikisha akidi na kurudisha habari kwa waliolituma? Na uchaguzi wenyewe una ugumu gani?

La pili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Jinsi mtu anavyochaguliwa ndivyo inavyoamuliwa atamwogopa nani akisimama kusema. Baraza la watu waoga, hata likiwa na uwakilishi mzuri kiasi gani, litageuka kuwa mahali pa kupitisha barua zilizokwisha kuandikwa kwingine.

## Njia ya kwanza: kila idara na kiti chake

Hii ndiyo njia inayowajia wengi kwanza, kwa sababu ramani ya chuo tayari imechorwa kwa idara. Kila idara inampeleka mmoja, basi.

Sauti. Fani zote zinasikika. Mwalimu wa Kilimo ataeleza kwa nini mitihani ya vitendo haiwezi kufanywa wakati wa kiangazi, jambo ambalo mwenzake wa Biashara hatalifikiria kamwe. Bei yake ni uzito wa kura. Seneti ya nchi inafanya hivyohivyo: Nakuru yenye maeneo bunge 11 na Vihiga yenye 5, kila moja ina seneta mmoja aliyechaguliwa. Tuseme chuoni idara ya Umeme ina walimu 34 na ya Kilimo ina 6. Kura ya mwalimu wa Kilimo ina nguvu karibu mara sita ya kura ya mwenzake wa Umeme. Wengine huona hiyo ni dhuluma. Mimi naona ni bei inayolipika, mradi tofauti isiwe kubwa kupita kiasi, na dawa yake ipo: idara ikivuka walimu 20, ipewe kiti cha pili.

Uhuru. Hapa ndipo njia hii inapovuja. Mkuu wa idara ndiye anayegawa vipindi, anayetia saini fomu za likizo, anayependekeza nani apandishwe cheo na nani apelekwe kwenye warsha. Idara ya watu sita ikikaa chumba kimoja kupiga kura, na mkuu akiwa mmoja wao, siri ya kura ni ya jina tu. Matokeo huwa mawili: ama mkuu mwenyewe anapita bila kupingwa, ama anapita kijana asiyeweza kumpinga. Baraza likijaa wakuu wa idara, mmejenga kikao cha pili cha wasimamizi na kukiita baraza la wahadhiri.

Kuna tiba, na zinapaswa kuandikwa kwenye katiba yenu, zisiachwe kwa nia njema. Mkuu wa idara, hata anayekaimu, asigombee. Karatasi zikusanywe na kuhesabiwa na mtu wa idara nyingine. Idara zenye watu wasiozidi kumi ziunganishwe mbilimbili zipige kura pamoja, ili kura ya mtu mmoja isitambulike kwa mwandiko wala kwa hesabu ya vidole.

Kazi. Kwa kipimo hiki njia ya idara haina mpinzani. Mwakilishi ana kikao cha idara cha kurudi nacho, ana watu anaowajua kwa majina, na akinyamaza wataona. Baraza pia halipanuki hovyo.

Ugumu wa uchaguzi. Ni mdogo sana. Unaweza kumalizwa kwa alasiri moja. Tatizo linalobaki ni jinsia. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inataka vyombo vya kuchaguliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja, na ni busara baraza la wahadhiri lifuate kipimo hicho. Kila idara ikichagua mmoja bila kujua nyingine imemchagua nani, hakuna anayeweza kuhakikisha hilo. Idara za uhandisi zikileta wanaume watupu, itabidi kuwe na viti vya kujazia, na viti hivyo lazima viwe na njia yake ya kupigiwa kura, visiwe vya kuteuliwa na mwenyekiti.

Inakifaa chuo ambacho idara zake hazipishani sana kwa ukubwa, chenye fani zinazotofautiana mno, na ambacho wakuu wa idara hawana mazoea ya kuwabana walimu wao.

## Njia ya pili: kura ya chuo kizima

Wagombea wote wanaingia kwenye karatasi moja, na kila mhadhiri anapiga kura popote alipo. Si lazima chuo kiwe kidogo ili njia hii itumike. University of Chicago ina baraza la wajumbe 51 wanaochaguliwa na wenzao kutoka chuo kizima.

Sauti. Watu wengi huikataa njia hii kwa hofu kwamba kundi kubwa litafagia viti vyote. Hofu hiyo ina msingi, ila chanzo chake ni namna ya kuhesabu kura, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu nimeona vikao vizima vikivunjika juu ya jambo ambalo hesabu ndogo ingelimaliza.

Chukua chuo chenye wapiga kura 100 na viti 9. Ukimruhusu kila mtu kuchagua majina tisa, watu 51 walioshikana wanachukua viti vyote tisa, na wale 49 wanarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa badilisha kanuni moja tu: kila mtu ana kura moja kwa jina moja, na tisa wa juu wanaingia. Hapo kundi la watu 11 wakimpa kura mgombea mmoja, haliwezi kunyimwa kiti, kwa sababu ili wengine tisa wamzidi au wamfikie lazima wapate kura 99 kwa jumla, na zilizobaki ni 89. Viti ni vilevile, na wapiga kura ni walewale. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa katiba, na walimu wa maktaba au wa Kilimo wakishirikiana na jirani zao wana hakika ya kuingia.

Kura moja kwa mtu mmoja ina dosari yake. Mgombea anayependwa mno hukusanya kura 40 wakati alihitaji 11, na wenziwe wenye mawazo kama yake wanakosa. Kupanga wagombea kwa nafasi, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kunaponya hilo, kwa kuwa kura iliyozidi huhamia kwa anayefuata. Ila kuhesabu kunachukua muda mrefu na kunataka mtu anayeujua utaratibu vizuri. Idara ya Hisabati ikubali kazi hiyo mapema.

Uhuru. Ni mkubwa kuliko njia zote. Aliyechaguliwa na watu wa idara nane hana mkuu mmoja anayeweza kumfunga mdomo kwa kumpangia vipindi vya Ijumaa jioni.

Lakini kuna jambo ambalo sisi wa magharibi ya Kenya na Bonde la Ufa hatuna ruhusa ya kulifumbia macho. Kura ya wazi ya chuo kizima inaweza kufuata lugha za nyumbani badala ya hoja. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na bado kila mtu anajua jinsi orodha za wagombea zinavyosomwa kwa majina ya ukoo. Kanuni ya kura moja inapunguza makali, kwa sababu haiwapi walio wengi nafasi ya kufagia. Pia isaidieni kwa kumtaka kila mgombea apate wadhamini kutoka idara tatu tofauti kabla jina lake halijaingia kwenye karatasi.

Kazi. Wanaochaguliwa hivi kwa kawaida ni wenye hamu ya kazi, na vikao vyao huwa hai. Kasoro ni kwamba hakuna anayewajibika kurudi idara fulani na habari. Baada ya mihula miwili utasikia walimu wakiuliza hao wajumbe wetu ni akina nani hasa.

Ugumu wa uchaguzi. Lazima kuwe na daftari la wapiga kura lililotangazwa mapema na kusahihishwa. Mabewa yakiwa mbalimbali, mambo huongezeka. Kutoka bewa kuu la Egerton, Njoro, hadi Nakuru mjini ni kama kilomita 25. Kutoka Maseno hadi bewa la Kisumu ni mwendo unaokaribia huo. Sanduku la kura likiwekwa bewa kuu peke yake, wa mjini wamenyimwa kura kwa hila ya usafiri, hata kama hakuna aliyekusudia. Wekeni sanduku kila bewa, kura zipigwe siku moja, zichanganywe kabla ya kuhesabiwa.

Inawafaa wahadhiri wanaohitaji baraza lenye kauli thabiti mbele ya utawala, na walio tayari kubishana kuhusu kanuni ya kuhesabu hadi waelewane.

## Njia ya tatu: kwa makundi ya ajira au vyeo

Badala ya kuuliza unafundisha nini, njia hii inauliza umeajiriwaje. Katika chuo kikuu makundi yanaweza kuwa maprofesa, wahadhiri wakuu, wahadhiri, wahadhiri wasaidizi na wale wa muda. Katika chuo cha kiufundi mgawanyiko unaojulikana na wote ni kati ya wakufunzi walioajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma, walioajiriwa na bodi ya chuo, na wanaolipwa kwa saa.

Sauti. Njia hii peke yake ndiyo inayomhakikishia mwalimu wa muda kiti. Wenzetu hawa wanafundisha vipindi vingi, wanasahihisha mitihani, na wanafunzi hawawatofautishi na sisi. Katika njia mbili za kwanza wanaweza kupiga kura kwa miaka kumi wasipate mtu wao hata mmoja, maana wametawanyika kila idara na hawana ofisi ya kukutania. Kuwaacha nje si haki, na pia kunalinyima baraza habari ambazo halina njia nyingine ya kuzipata. Upande wa pili wa njia hii ni maprofesa: wakiwa watano wakapewa viti viwili, huku wahadhiri wasaidizi 60 nao wakipewa viwili, mmelirudisha jambo la uzito wa kura kwa sura mbaya zaidi, kwa kuwa sasa linawapendelea waliokwisha kuwa na nguvu.

Uhuru. Mwakilishi wa wa muda ndiye dhaifu kuliko wote. Mkataba wake unaisha mwisho wa muhula, na hakuna anayehitaji kutoa sababu ya kutouongeza. Kumpa kiti bila kinga ni kumweka mbele ya bunduki. Andikeni makubaliano na utawala kwamba mjumbe wa baraza asikose kuongezewa mkataba kwa sababu ya alichosema kikaoni, na akiachwa, sababu iletwe kwa maandishi. Utawala ukikataa kutia saini, waruhusuni wa muda kumchagua mhadhiri wa kudumu wanayemwamini awasemee.

Kazi. Vikao huvutwa kuelekea malipo na masharti ya kazi, kwa kuwa ndivyo vilivyowagawa wajumbe tangu mlangoni. Mwenyekiti asipokuwa imara, baraza litakuwa tawi la pili la chama cha wafanyakazi, na mtaala utabaki yatima.

Ugumu wa uchaguzi. Daftari hubadilika kila muhula. Kanuni rahisi ni kwamba aliyefundisha mihula miwili mfululizo ana haki ya kupiga kura.

Inakifaa chuo ambacho sehemu kubwa ya masomo inabebwa na watu wasio wa kudumu.

## Nyingine mbili kwa ufupi

Kuna wanaouliza kwa nini kuwe na wawakilishi kabisa. Oxford ina Congregation, mkutano wa wahadhiri na wasimamizi zaidi ya 5,000, na ndio chombo cha juu kabisa cha chuo kile. Kwa chuo cha walimu 30 au 40, mkutano wa wote mara mbili kwa muhula, na kamati ya watano ya kufuatilia, unatosha na unazidi baraza lolote kwa uwazi. Zaidi ya hapo akidi huwa shida.

Wengine hupendekeza kuiga njia ya wanafunzi. Tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Vyuo Vikuu, wanafunzi huchagua wajumbe watatu kwa kila idara, skuli au kitivo, na wajumbe hao ndio wanaochagua viongozi. Njia hiyo hupunguza kampeni za bewa zima, lakini hufanya wapiga kura wa mwisho kuwa wachache na rahisi kufikiwa na mwenye ushawishi. Kwa wahadhiri mia moja sioni faida yake.

## Kuchagua kulingana na hali yenu

Ikiwa malalamiko makuu chuoni ni kwamba fani fulani hazisikiki, anzeni na viti vya idara, na wakuu wa idara wasigombee. Kipengele hicho kisiwe cha mjadala.

Ikiwa malalamiko ni kwamba watu wanaogopa kusema, hata wakiwa na mwakilishi, nendeni kwenye kura ya chuo kizima, kila mtu kura moja. Msikubali ile ya majina tisa kwa mpigo, hata mkiambiwa ndiyo iliyozoeleka.

Ikiwa theluthi au zaidi ya wanaofundisha ni wa mkataba, tengeni viti vyao kwanza, ndipo mjadili vilivyobaki.

Chuo kikubwa chenye mabewa na idara nyingi kitafaidika kwa mchanganyiko. Mfano: viti 8 vya idara, 3 vya chuo kizima, 2 vya wahadhiri wa muda, jumla 13. Hapo jinsia moja isizidi watu 8, na vile viti 3 vya chuo kizima vihesabiwe mwisho ili ndivyo vitumike kusawazisha. Kipindi cha mjumbe kiwe cha miaka miwili, nusu ya viti vikipigiwa kura kila mwaka, ili baraza lisipoteze kumbukumbu yake yote kwa siku moja.

Na chuo kichanga, kama vile vilivyopata hati zao miaka ya karibuni huko Kaimosi na Alupe, ambako idara bado zinagawanyika na kuungana, kisijifunge kwa viti vya idara visivyotabirika. Kura ya chuo kizima kwa miaka minne ya mwanzo, pamoja na kipengele cha kuipitia upya kabla ya mwaka wa tano, itawapa muda wa kuona idara zipi zimesimama ndipo wazipe viti.